Foto ya ngozi nyeusi na kitenge: namna ya kuipiga na telefone hapa Lubumbashi

Kama unashona ao unauzisha manguo hapa Lubumbashi, ujue kliya anaonaka kazi yako ku telefone mbele ya kuigusa na mukono. Anafungua statut ya WhatsApp asubui, anaamua palepale kama atafika ku commune ya Kenya kukutafuta ao atapita kwa mwingine. Na foto mingi yenye ninaonaka inaumiza roho: mushono imelala muzuri, maua ya kitenge inakutana ku kiuno, fundi amefanya kazi ya kweli, lakini mama mwenye kuvaa uso wake hauonekane, ni macho na meno tu. Ao tena uso imetoka rangi ya majivu, rangi yenye Mungu hakumupatia.

Telefone ya bei kidogo inaweza kupiga foto ya muzuri sana, niamini. Kuko tu kitu kimoja cha kujua kwanza, nakieleza hapa chini, kiisha tunaingia mu kazi yenyewe.

Telefone inajua paka kijivu

Aparei yote ya foto, kubwa ao ndogo, inapimaka mwangaza kwa kutafuta katikati. Inaangalia yote yenye iko mu kadre, inachanganya nyeupe na nyeusi, inataka jibu ikuwe kijivu ya katikati, ile benye kazi banaita kijivu ya asilimia 18. Haijue kama iko mbele ya mama, ya ukuta ao ya mbuzi. Basi weka dada mweusi mbele ya ukuta ya chokaa: telefone inaona weupe mingi, inafikiri mwangaza imezidi, inafunga, ukuta inakuwa kijivu na dada anakuwa kivuli. Umuweke sasa mbele ya mulango ya giza, telefone inafikiri hakuna mwangaza, inafungua, na dada anatoka mweupe-mweupe, ngozi ya vumbi, na manjano ya kitenge imeungua. Muntu ni mumoja, saa ni moja, lakini foto mbili zinadanganya, kila moja kwa upande yake.

Kuko na telefone za sasa zenye kutafuta uso na kujaribu kurekebisha zenyewe, zinasaidia kidogo, lakini usiziachie kazi yote. Wewe njo unapima. Unaambia telefone rangi ya huyu muntu ni hii, kiisha unailinda hiyo rangi mpaka ku mwisho: wakati ya kupiga, wakati ya kurekebisha, wakati ya kutuma, mpaka ku karatasi.

Hii shida iko na historia, na mi napenda bantu baijue. Kuanza miaka ya 1950 Kodak, kampuni ya filmu za foto, ilitumaka mu malabo ya kusafisha foto kadi ya kupimia rangi, yenye foto ya mwanamuke mweupe, banaita kadi ya Shirley juu wa kwanza ku ile kadi alikuwa mufanyakazi wa Kodak mwenye jina hiyo. Ngozi yake ikitoka muzuri, foto inahesabiwa ni muzuri. Ngozi yetu haikuwa mu hesabu. Na wakati filmu ilianza kurekebishwa ili ishike rangi ya kahawia muzuri, malalamiko yenye ilisukuma ilitoka kwa bauzishaji ba chokoleti na ba fanicha ya mbao, balikuwa banataka bidhaa yabo ionekane ku matangazo. Kadi yenye kuwa na bantu ba rangi mbalimbali ilikuja mu miaka ya 1990. Kule Afrika Kusini nako serikali ya ubaguzi ilitumiaka aparei ya Polaroid yenye jina ID-2 kwa foto ya vitabu vya pasi vya bantu beusi, aparei yenye kitufe ya kuongeza nguvu ya fleshi ili uso mweusi uonekane. Bafanyakazi babili ba Polaroid kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, balianzisha upinzani juu ya ile biashara mwaka 1970, na kampuni ikatoka Afrika Kusini mwaka 1977. Ata mwaka 2021 tu, Google ilitoa telefone ya Pixel 6 na kazi yenye banaita Real Tone, ya kushika ngozi nyeusi muzuri zaidi. Ninaandika hii yote juu ba dada mingi banasemaka "yaya, mi siko muntu wa foto, ninatokaka mubaya". Hapana dada. Aparei njo haikufundishwa kukuangalia.

1. Chagua saa, kiisha chagua mulango

Jua ya Lubumbashi haina huruma. Tuko karibu digrii 12 kusini ya ikweta, kwa hiyo mara mbili mu mwaka, mwisho ya mwezi wa 10 na katikati ya mwezi wa 2, jua ya saa sita ya muchana inapita utosini kabisa. Mu ile saa macho inakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli ku mudomo, na paji ya uso inatoa doa nyeupe. Ata mu mwezi wa 6 na wa 7, wakati jua inalala kidogo kaskazini, ile ya muchana bado ni kali. Kama iko lazima upige inje, piga asubui mapema ao mangaribi, ile saa moja ya mwisho mbele ya jua kuingia.

Lakini siri yenyewe ni barza. Nyumba mingi ya hapa iko na barza, na barza ni studio ya bure. Simamisha muntu wako chini ya manjanja ya barza, hatua moja ao mbili ndani ya kivuli, uso iangalie inje, kwenye mbingu iko wazi. Jua isimuguse ata kidole. Sasa mwangaza yenye inamufikia inatoka ku mbingu yote, ni kubwa, ni laini, na inaingia mpaka mu macho. Kama hauna barza, mulango ya nyumba inafanya kazi ile ile: muntu ndani karibu na kizingiti, wewe inje, ao wewe kandokando.

Kiisha umugeuze kidogo. Hapa njo bantu mingi banasahau. Mwangaza ikitoka mbele kabisa, ngozi nyeusi inakuwa bapa, hauone mufupa ya shavu. Mugeuze mpaka mwangaza imufikie kutoka upande, kitu kama digrii 45, na utaona uso inaamuka: shavu inapata mungaro murefu, taya inaonekana, shingo inaonekana. Ngozi nyeusi inapendezaka kwa ule mungaro. Inarudisha picha ya mwangaza yenyewe, kwa hiyo mwangaza ikiwa kubwa kama mbingu mungaro inatandaa laini, na mwangaza ikiwa ndogo kama jua ya saa sita ao balbu moja, mungaro inakuwa doa. Ukiona doa nyeupe ku paji, usikimbilie poda. Muhamishe muntu.

Angalia pia chini. Udongo yetu ni mwekundu, na ukuta mingi ya matofali nayo ni mwekundu. Jua ikipiga ile udongo, inatupa wekundu chini ya kidevu na ku nguo. Ku ngozi nyeusi inaweza kupendeza, mi naipenda mangaribi, lakini libaya (blauzi) nyeupe inatoka ya waridi na kliya atafikiri ni rangi ya kitambaa. Tandika shuka nyeupe chini mbele ya miguu yake, wekundu inapunguka na uso inapata mwangaza kidogo kutoka chini.

2. Tengeneza muntu mbele ya telefone

Mu kiangazi vumbi inakaa ku miguu, ku viwiko, ku vidole. Macho yako haiione juu imezoea, lakini foto inaiona, inatoka majivu. Kitambaa chenye maji, kiisha vazelini kidogo ama mafuta yenye muntu anapakalaka kila siku, ku mikono, ku miguu, ku shingo. Ku uso kidogo sana. Poda yenye kuwa ya rangi nyeupe kuliko ngozi yake, hapana, ata kama ni ya bei. Mu foto inatoka kama unga.

Nguo ipigwe pasi. Umeme ikikatika, pasi ya makala ingali mu nyumba mingi, na kwa kitenge nzito mi naipenda zaidi, ila weka kitambaa katikati usichome. Kata nyuzi zote zenye kuning'inia, juu telefone ya sasa inaona uzi moja ku mukono. Kuvuta nguo nyuma na pini ili ikae muzuri, sawa, kama ni foto ya modeli tu. Kama ni ile nguo yenyewe yenye unauzisha, usiweke pini, kliya ataivaa bila pini na atakurudilia.

Kitambala ya kichwa iangalie mara mbili. Ikishuka sana inatupa kivuli ku macho. Ikiwa inangaa ya dhahabu inadanganya telefone, inafunga mwangaza yote juu yake.

3. Nyuma ya muntu

Kitenge iko na kelele yake, ni haki yake. Kwa hiyo nyuma inyamaze. Ukuta ya rangi moja yenye kuchakaa, ya kijani, ya bluu, ya kijivu ya simenti, inatosha. Ukuta nyeupe kabisa inasumbua kipimo, nilishaeleza juu. Ukuta ya matofali mekundu inaenda muzuri na bluu na kijani, inakula nyekundu na chungwa. Musogeze muntu mbele, hatua mbili ao tatu mbali na ukuta, kivuli yake isianguke pale na ukuta ilainike kidogo.

Unaweza kuniuliza juu ya Seydou Keïta, yule mupiga foto wa Bamako kule Mali, mwenye alifungua studio mwaka 1948 na mwenye aliwekaka bantu benye nguo ya maua mbele ya shuka ya kitanda yenye maua. Ndiyo, na foto yake ni kati ya zile nzuri kabisa za Afrika yote. Lakini angalia namna inafanya kazi. Ni nyeusi na nyeupe, rangi hazigombane, alikuwa anatumia mwangaza ya jua mu lupango, na uso pamoja na mikono njo mahali pekee penye kutulia mu foto yote, macho yako inakimbilia pale. Ukitaka kujaribu, jaribu mu nyeusi na nyeupe kwanza. Kuko tena faida ingine yenye alipataka: alikuwa anabadirisha ile shuka kila baada ya muda, na kiisha miaka mingi ile shuka njo ilimusaidia kujua foto ni ya mwaka gani. Fundi mwenye kubadirisha kitambaa ya nyuma kila musimu naye atapata hiyo bure.

Juu ya mahali pa inje, tuseme wazi. Hapa kwetu kupiga foto karibu na kambi ya jeshi, uwanja wa ndege, daraja, ofisi ya serikali ao kiwanda ya migodi inaweza kukuletea matatizo makubwa, ata kama ulikuwa unapiga paka mutoto wako. Ile terril, kilima ya mabaki ya kiwanda ya shaba, na shomini yake ndefu ya moshi zinavutia kweli kwa mbali, lakini baki mu njia, baki mbali, na mahali pa mulinzi omba ruhusa kwanza. Soko nako, omba mama wa meza. Mingi banakubali ukiwasalimia muzuri, na mwingine atakataa, na ile hapana ni hapana.

4. Shika telefone

Panguza lensi. Telefone inakaa mu mufuko, mu sakoshi, karibu na mafuta ya mandazi, lensi ikiwa na mafuta foto yote inakuwa na ukungu na weusi wa ngozi unakuwa kijivu. Shati ya pamba inatosha.

Zima fleshi. Zima ile kazi ya kulainisha na kung'arisha uso, banaiita beauty ao embellir, telefone mingi inakuja nayo tayari imewashwa bila kukuuliza, na njo ile inabadirisha rangi ya dada zetu mbele ata ya kugusa kitufe. Ingia mu paramètre, ishushe mpaka zero. Kama kuko kazi ya akili bandia ya kupamba rangi, izime nayo, juu inaongeza manjano na nyekundu mpaka maua ya kitenge inapoteza mistari.

Kwa foto ya mwili mzima, usisimame karibu. Lensi ya kawaida ya telefone inaona pana, muntu mwenye kuwa karibu anavutwa: kichwa kubwa miguu mufupi, ao viatu kubwa kichwa ndogo. Rudi nyuma, weka 2x kama telefone iko nayo, na ushushe telefone mpaka urefu ya kitovu chake. Ndiyo, kitovu. Piga magoti. Ukipiga kutoka urefu ya macho yako unamufupisha, na mama mwenye kununua robe ndefu anataka kuona urefu.

5. Pima uso

Sasa ile kazi kubwa. Gusa uso wake ku ekrani na uache kidole pale mpaka telefone ifunge kipimo, mu telefone mingi utaona neno ya kufunga ao kufuli ndogo. Kutokea karibu yake kuko kijua kidogo chenye unaweza kuvuta juu na chini. Ile kijua njo kazi yako.

Kama ngozi yake ni ya kahawia ya katikati, kipimo yenye telefone inatoa ukigusa uso inaweza kuwa karibu na sawa. Kama ngozi yake ni nyeusi sana, ile nyeusi ya muzuri yenye kungaa, telefone itataka kumupeleka ku kijivu, kusema itamung'arisha kuliko vile iko. Basi shusha kijua kidogo kidogo, na unaangalia yeye, si ekrani peke yake. Angalia shavu yake na macho yako, kiisha ekrani, kiisha shavu. Simama wakati zinafanana. Na kama uso mweusi kabisa uko mbele ya ukuta nyeupe, utaona kinyume: inaomba kupandisha, ata ukuta ikiungua, iungue. Ukuta haiuzishwe.

Kujua kama umefika: mungaro ku shavu inaonekana lakini bado ngozi iko ndani yake, si doa tupu. Upande wa kivuli wa uso bado unaona sikio na taya. Nyeupe ya jicho si nyeupe kama karatasi. Kiisha angalia kitenge: vuta foto, tafuta ua nyekundu ao manjano, kama mistari ndani ya ua imepotea, shusha tena kidogo, ao geuza muntu ili mwangaza ipige nguo kidogo kuliko uso. Uso na nguo zikigombana kabisa, uso njo inashinda, lakini mara mingi zinaelewana ukimuhamisha nusu hatua.

Upande wa kivuli ukiwa giza sana, mutu mwingine ashike shuka nyeupe, ao kipande ya polistireni ya kufungia televizyo, kwa ule upande, karibu, mpaka inakaribia kuingia mu kadre. Ngozi nyeusi inaomba ile nyeupe ikuwe karibu zaidi kuliko vile video nyingi za intaneti zinaonyesha, juu zile zinapimaka kwa ngozi nyeupe. Na kinyume pia inapendeza: kama uso imekuwa bapa, shika kitambaa nyeusi upande mumoja, itakula mwangaza na shavu itarudi.

Kama mu foto kuko bantu babili, mumoja mweupe kidogo na mwingine mweusi zaidi, muweke mweusi karibu na mwangaza. Pima yeye. Fanya hivi ku ndoa, ku foto ya famiya, kila mahali, ni jambo lenye kuheshimu bantu kuliko kila programu ya kurekebisha.

6. Piga mingi, lakini kwa mpango

Ongea naye. Usimwambie "cheka". Muulize nani alimushonea, ile kitenge aliipata wapi, anaenda kuivaa wapi, na mikono yake itatulia yenyewe. Uzito ku muguu mumoja, mabega chini, kidevu mbele kidogo.

Kwa fundi, foto zenye zinauzisha ni hizi: mbele mwili mzima, mugongo mwili mzima (bantu banasahau mugongo na zipu njo iko pale!), upande mumoja, kola ama shingo kwa karibu, na mahali maua ya kitenge inakutana ku mushono. Ile ya mwisho usiiache kamwe. Fundi mwenye kukutanisha maua amepoteza kitambaa na saa kwa kuifanya, na kliya mwenye kujua anatafuta paka pale. Kiisha moja akitembea, robe ikifunguka, saa ya mangaribi kama mwangaza ingali.

Kitenge yenye mistari ao vikaro vidogo sana inaweza kutoa mawimbi ya ajabu ku ekrani. Nguo haina kosa. Sogea mbele ao nyuma hatua moja, inatoka.

Na mbele ya kumaliza, muonyeshe. Muulize kama unaweza kuweka statut, Facebook, ama ni kwa fundi tu. Akiwa mutoto, muulize mama ao baba.

7. Rekebisha bila kubadirisha muntu

Snapseed, programu ya kurekebisha foto, ni ya bure na inatosha. Anza na rangi: kama libaya nyeupe imetoka ya manjano ao ya bluu, rekebisha mpaka nyeupe ikuwe nyeupe, ngozi itafuata. Kiisha weusi, uongeze kidogo sana, foto ipate uzito. Vivuli unaweza kufungua kidogo, lakini ukivifungua sana nywele na ngozi zinakuwa kijivu, na pale njo bantu mingi baharibu foto yenye ilikuwa tayari muzuri. Rangi usiongeze, kitenge iko na yake. Mara mingi mi ninapunguza manjano kidogo.

Kipimo ya mwisho ni rahisi na ninaipenda kuliko zote: weka mwangaza ya ekrani katikati, simamisha telefone karibu na shavu yake ao mukono yake, mukiwa mu kivuli ileile, na muangalie pamoja. Zinafanana, umemaliza. Telefone inaonyesha muntu mweupe zaidi, rudi.

Na kuna siku atakuambia "yaya, nipunguze weusi kidogo". Itakuja, usishangae, mafuta ya kung'arisha ngozi imejaa soko na matangazo. Mi sifanyi, na ninasema kwa upole. Ninamuonyesha kwanza ile foto yenye kupimwa muzuri, na mungaro ku shavu, kubwa ku ekrani, juu mara mingi kitu chenye anakataa si rangi yake, ni zile foto za zamani zenye zilimutoa majivu ao kivuli, na hakuwahi kuona ingine. Mingi banabadirika pale. Akingali anataka, ninamupatia foto zenye kuwa sawa na fundi mwingine atafanya ile ingine.

8. Kutuma, kuandika juu yake, kuchapa

WhatsApp inakamua foto. Kutoka mwaka 2023 kuko kitufe ya HD, itumie. Na kwa kliya mwenye atachapa, tuma kama dokima, foto inafika yote bila kupunguzwa. Ata kama inakula mega, ile moja tu.

Ukitaka kuandika bei na namba juu ya foto, fikiria mbele ya kupiga: acha nafasi tupu upande mumoja ao juu ya kichwa. Maandishi juu ya kitenge hayasomeki, hakuna rangi yenye itakuokoa. Weka ukanda ya rangi moja chini, chukua rangi kutoka ku kitenge yenyewe, maandishi nyeupe ao nyeusi, aina mbili za herufi mwisho, jina ya fundi, namba, commune, bei. Bei andika. "Bei inbox" inafukuza bantu. Kwa Instagram na Facebook kata pikseli 1080 kwa 1350, kwa statut 1080 kwa 1920, na uangalie kama kichwa haikufunikwa na jina yako ku juu.

Karatasi: foto ya sentimita 13 kwa 18 inaomba pikseli karibu 1535 kwa 2126, telefone yote ya sasa inazo kama hukuikata sana. Lakini karatasi inatoka giza kuliko ekrani, na ku ngozi nyeusi ile giza njo inaua foto. Chapa moja kwanza. Ipeleke inje, mu mwangaza ya barza, iangalie. Uso imezama, pandisha kidogo faili ya kuchapa peke yake, ile ya ekrani usiiguse, kiisha njo uchape zingine. Kama mwenye mashini anakuambia ataing'arisha yeye mwenyewe, mwambie aache mashini bila marekebisho, nyingi zinapeleka uso ku ile kijivu yetu.

Na mafoto ya kuangalia ili ujifunze, tuko nayo hapa nyumbani. Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka mbili, ilianza mwaka 2008 na jina ya Rencontres Picha, na Sammy Baloji, mupiga foto mutoto wa hapa, ni mumoja wa benye kuianzisha. Ikifika musimu wake nenda, simama mbele ya foto za bantu, na uangalie paka kitu kimoja: mwangaza inatoka wapi, na inagusa shavu namna gani.

Ya mwisho, foto za asili zote usifute. Ziweke ku kadi ya memwari ao ku kompyuta ya muntu mwenye unamuamini, dosie moja kwa kila kitenge, na jina ya kliya pamoja na tarehe. Mwezi wa 12 ukifika, na kila mutu anataka nguo ya sikukuu, mama atakuja na kusema "ile ya maua ya bluu yenye uliweka statut", na wewe unafungua dosie unamuonyesha mbele, mugongo, na mushono.